Kumaunti volyumu ni kupanda mchongoma

Kwa miezi kama saba hivi kazi yangu ilikuwa moja tu, kuifanya programu yetu ya makontena ikubali plagini, yaani vijiprogramu vya watu wengine vinavyochomekwa kwenye programu ili kuiongezea uwezo. Sizungumzii kuandika plagini yenyewe, nazungumzia ule upande wa pili, upande unaoipokea plagini ya mtu usiyemjua, kaiandika kwa lugha anayoipenda yeye, anaiendesha kwenye mashine ambayo wewe huna hata ruhusa ya kuingia, alafu ikigoma mtumiaji anakuja kwako kwa sababu jina analoliona kwenye skrini ni la programu yako. Mafunzo ya kuandika plagini yapo mengi sana. Ya kuipokea ni machache mno, na huku ndo nilikokaa, kwa hiyo ngoja niandike nilichokiona.

Kwanza kwa nini plagini. Kontena ukilichambua mpaka mwisho unabaki na prosesi ya kawaida ya Linux ambayo kerneli imeizungushia ukuta, ina mafaili yake, mtandao wake, namba zake za prosesi, na kikomo cha memori na CPU. Hayo yote programu ya makontena inayamudu yenyewe. Linapokuja suala la data inayotakiwa ibaki hata kontena likifa, hapo panatakiwa volyumu, sehemu ya kuhifadhia data inayomauntiwa, yaani inayounganishwa kwenye folda ya kontena, na volyumu inaweza kuwa folda tu kwenye diski ya mashine, au NFS (folda zinazogawiwa na seva kupitia mtandao), au diski ya mtandao, au kitu cha FUSE (mfumo wa mafaili unaoendeshwa na prosesi ya kawaida) kinachopitia SSH, au mtambo wa storeji ulionunuliwa zamani na aliyeuelewa kashaondoka. Huwezi kuandika kodi ya yote hayo ndani ya deimoni yako, ile prosesi inayokaa nyuma ikisimamia makontena. Ukijaribu, deimoni inavimba, kila bagi ya diski ya mtu inakuwa bagi yako, na anayetaka marekebisho ya mstari mmoja anasubiri toleo lako lijalo. Ndo unaamua kufungua mlango.

Docker, programu maarufu ya makontena, ilipotoka Machi 2013 haikuwa na mlango huo. Waliotaka kuunganisha diski za mtandao ilibidi wakae katikati ya mteja na deimoni, wadake maombi ya HTTP, wayabadilishe kidogo, wayapitishe, na kulikuwa na kifaa kinaitwa Powerstrip kilichotengenezwa hasa kwa majaribio ya namna hiyo. Plagini zenyewe zilikuja Juni 2015 kwenye Docker 1.7 kama kitu cha majaribio, za volyumu zikatulia kwenye 1.8 mwezi Agosti, za mtandao kwenye 1.9 mwezi Novemba, za ruhusa kwenye 1.10 Februari 2016, alafu Januari 2017 toleo la 1.13 likaleta plagini zinazosimamiwa na Docker yenyewe, unainstall kwa amri moja kama unavyovuta imeji, kile kifurushi cha kuanzishia kontena. Natamani watu waiangalie hiyo miaka kwa makini. Wazo lenyewe mtu analieleza kwa dakika kumi, lakini kulifikisha mahali pa kuaminika kuliwachukua mwaka na nusu wakiwa na jamii kubwa nyuma yao.

Sisi tuliamua kufuata itifaki ile ile ya volyumu ya Docker badala ya kubuni yetu, na bado naona ulikuwa uamuzi sahihi, sababu plagini zilizopo tayari zingefanya kazi bila mwenyewe kugusa kitu. Podman, programu nyingine ya makontena, nao wanazikubali plagini hizo hizo. Itifaki yenyewe haina maringo. Deimoni inaangalia /run/docker/plugins kama kuna soketi ya Unix (faili ambalo prosesi zinawasiliana kupitia kwake), au /etc/docker/plugins na /usr/lib/docker/plugins kama kuna faili la .spec au .json linalosema plagini iko wapi. Ikiipata inatuma POST kwenda /Plugin.Activate, plagini inajibu kwa JSON ikitaja inachokiweza, mfano VolumeDriver. Baada ya hapo ni maombi yenye majina yanayoeleweka: Create, Remove, Mount, Unmount, Path, Get, List, Capabilities. Mtu mwenye uzoefu kidogo anaandika plagini inayofanya kazi kwa jioni moja, na upande wa deimoni nao njia ya kawaida haichukui muda. Wiki ya tatu tayari nilikuwa na kontena limewaka huku data yake iko kwenye seva nyingine kabisa, na nilifurahi sana siku ile. Miezi yote iliyobaki ilikwenda kwenye Unmount, yaani kuachia volyumu kontena likimaliza.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndo ngoma, na sijawahi kuona mahali methali hii inakaa vizuri kama hapa. Kumaunti kila mtu anakutesti, sababu bila hiyo kontena haliwaki. Kuachia hakuna anayekuona ukikosea. Kontena limeshakufa, mtumiaji kashaondoka, skrini haina kosa lolote, na huku nyuma kuna diski imebaki imeshikiliwa na mtu ambaye hayupo.

Testi ya kwanza iliyonifungua macho ilikuwa ya kuhesabu tu. Wazo nililitoa kwenye testi za Docker zenyewe, kule kuna faili la testi linalowasha seva ndogo ya HTTP inayojifanya plagini ya volyumu, na kila ombi likiingia inaongeza moja kwenye kaunta: mounts ngapi, unmounts ngapi, creations ngapi, removals ngapi. Kwa hiyo testi haiishii kuuliza kama kontena lilifanya kazi, inauliza na namba kama zimelingana. Na namba zina maana kubwa sana, kwa sababu nyaraka za itifaki zinasema Mount inaitwa mara moja kila kontena linapowashwa, na volyumu ile ile ikitakiwa na makontena mawili ni juu ya plagini kukumbuka, imaunti kweli kwenye ombi la kwanza na iachie kweli kwenye Unmount ya mwisho. Yaani plagini inaweka hesabu, na deimoni ikiruka Unmount moja tu basi plagini itaendelea kuamini kuna mtu bado anaitumia ile diski, haitaiachia, na mashine nyingine ikiiomba itaambiwa iko bize.

Niliweka kaunta asubuhi, kufika mchana nina makosa manne. La kwanza, kontena lenye amri iliyoandikwa vibaya: deimoni inamaunti volyumu, inajaribu kuwasha prosesi, prosesi haipo, inarudisha kosa kwa mtumiaji na kuondoka. Mount 1, Unmount 0. La pili, kontena lenye volyumu mbili ambapo ya pili imegoma: ya kwanza ilibaki imeshikwa. La tatu lilinishangaza, kukopi faili kutoka kwenye kontena lililozimwa. Ili usome mafaili yake lazima umaunti volyumu zake kwanza, na ile njia ya kukopi iliandikwa na mtu mwingine miaka miwili kabla ya plagini kuwepo, yeye alijua volyumu ni folda tu, folda huiachii. La nne lilikuwa la makontena mawili kuwaka kwa wakati mmoja kwenye volyumu moja, moja likizimwa tulikuwa tunatuma Unmount bila kitambulisho cha nani anaachia, na plagini makini ilikuwa haina namna ya kujua ni yupi kati ya wale wawili. Itifaki ina sehemu ya ID kwenye Mount na Unmount kwa ajili hiyo hiyo, sisi tulikuwa hatuijazi kwa sababu kwenye njia ya kawaida kila kitu kilikwenda bila yake.

Makosa yote manne yako kwenye njia ya kurudi nyuma. Nilikaa nikaisoma kodi yetu upya na kalamu mkononi, kila mahali penye return ya kosa nikajiuliza hapa nimeshika nini mpaka sasa, na nimekiachia? Ni kazi ya kuchosha, lakini sijui njia nyingine inayoizidi.

Alafu kaunta zikalingana na bado watumiaji wakaendelea kulalamika. Kumbe plagini yangu ya bandia ilikuwa na adabu kupita kiasi. Inajibu ndani ya milisekunde moja, haikatiki, haisemi uongo, haifi. Plagini za kweli haziko hivyo. Kuna inayorudisha HTTP 200, yaani jibu la mafanikio, huku ndani ya JSON sehemu ya Err imejaa kosa, na kama umeangalia namba ya HTTP peke yake utadhani mambo ni mazuri. Kuna inayosema imemaunti na Mountpoint inarudi tupu, kuna inayorudisha njia ya folda ambayo haipo, na kuna inayoanza kujibu ikafia katikati ya JSON. Kuna pia ile iliyouawa kwa kill -9, faili lake la soketi limebaki kwenye folda lakini hakuna anayesikiliza, kwa hiyo ukiangalia kwa ls unaona plagini ipo, ukipiga hodi unakataliwa. Nikaandika plagini ya pili ya kutestia nikaiita Mtukutu, nayo unaipa orodha ya tabia mbaya na zamu yake: ombi la kwanza jibu vizuri, la pili lala sekunde 40, la tatu kata waya katikati, la nne ujiue. Testi zilizotoka kwa Mtukutu ni nyingi kuliko zote nilizoandika kabla, na ningekuwa naanza leo ningemwandika yeye siku ya kwanza hata kabla ya ile yenye adabu.

Ile ya kulala sekunde 40 nataka niikalie kidogo. Diski ya mtandao kuchukua muda mrefu kuunganishwa siyo kosa, ni kawaida yake, inabidi ikatwe kwenye mashine moja ndo iungwe kwenye nyingine. Sisi tulikuwa na taimauti ya sekunde 30, alafu tunajaribu tena. Sasa fikiria kilichokuwa kinatokea: deimoni inatuma Mount, inachoka kusubiri, inatuma Mount nyingine, plagini inamaliza ya kwanza inaongeza hesabu, inapokea ya pili inaongeza tena, hesabu sasa ni 2 na kontena ni moja. Kaunta ya upande wa deimoni inasema 1 sababu yenyewe inahesabu majibu iliyoyapata. Hapo ndo nilipoelewa kwamba taimauti haimaanishi kazi haikufanyika, inamaanisha hujui kama ilifanyika, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Tulichofanya ni kutenganisha kujaribu tena kuunganisha soketi, ambako hakuna madhara kwa sababu ombi halijafika, na kujaribu tena ombi ambalo limeshatumwa, ambako sasa tunatuma ID ile ile na kwenye nyaraka zetu tumewaandikia waandishi wa plagini kwamba Mount yenye ID waliyokwisha kuiona isiongeze hesabu. Na wote tunaowajua tuliwatumia testi ya kuhakiki hilo.

Sasa nifike kwenye lile lililoniuma kuliko yote, nitalieleza taratibu. Tuliruhusu plagini ziendeshwe zenyewe ndani ya kontena, kwa sababu usambazaji unakuwa rahisi, imeji moja tu na kila kinachohitajika kimo ndani. Timu moja ikaweka plagini ya NFS kwa njia hiyo, wakaunda volyumu, wakawasha databesi juu yake. Mount ikajibu, Mountpoint ikarudi, kontena likawaka, databesi inaandika na inasoma vizuri kabisa. Siku kumi na mbili baadaye wakaihamishia mashine nyingine, volyumu ile ile, plagini ile ile, databesi ikawaka ikiwa tupu.

Kilichotokea ni hiki. Linux ina neimspesi za maunti, kila kontena linaona orodha yake ya maunti, na plagini ikiwa ndani ya kontena nayo ina orodha yake. Plagini ilimaunti NFS vizuri, lakini ndani ya neimspesi yake. Folda yenyewe ilikuwa imetoka kwa mashine mama, kwa hiyo deimoni ikiangalia ile njia iliyotajwa kwenye Mountpoint inaikuta, ipo kweli, ila ni folda tupu ya diski ya kawaida, ile NFS iliyo juu yake deimoni haiioni. Deimoni ikaichukua folda tupu ikaiweka ndani ya kontena la databesi, na siku zote kumi na mbili data ilikuwa inaandikwa kwenye diski ya mashine ya kwanza. Tuliikuta, haikupotea, lakini kwa masaa manne hivi hakuna aliyejua iko wapi, na mimi masaa yale nilikuwa nasoma kodi niliyoiandika kwa mikono yangu nikiiona haina kosa.

Dawa yake inajulikana. Docker kwenye plagini zao za 1.13 waliweka sehemu kwenye config.json inaitwa propagatedMount, unaitaja folda ambayo maunti zinazofanyika ndani yake zitaonekana na deimoni pia, na kwa lugha ya kerneli ni suala la folda hiyo kuwa rshared badala ya private. Tukaweka kitu kama hicho. Lakini swali langu lilikuwa jingine, mbona testi zangu zote hazikuliona? Jibu lilikuwa wazi nilipolitafuta: plagini yangu ya bandia na Mtukutu zote zilikuwa zinaishi ndani ya prosesi ya testi, neimspesi moja na deimoni, kwa hiyo hapakuwa na ukuta wowote wa kuvuka. Na hata zile testi kubwa za plagini ya kweli zilikuwa zinaandika faili kupitia kontena, alafu zinalisoma kupitia kontena hilo hilo. Ukiandika na kusoma kwa mlango mmoja huwezi kujua umeandika wapi. Saivi testi inaandika faili kupitia kontena, alafu inakwenda upande wa seva ya NFS yenyewe kulitafuta pale, na ikilikosa inaanguka.

Kuna mtu alipendekeza deimoni ihakiki yenyewe baada ya kila Mount, ilinganishe namba ya kifaa ya ile folda na ya folda mzazi wake, zikifanana ina maana hakuna kilichomauntiwa. Ni wazo zuri na nililiandika, kisha likavunja plagini halali mbili, kwa sababu itifaki haimlazimishi mtu kumaunti. Plagini inayogawa folda za kawaida kwenye diski moja ina haki kamili ya kurudisha folda tu. Mwishowe tukaliacha kama onyo kwenye logi, na plagini inaweza kutangaza yenyewe kwamba huwa inamaunti kweli, hapo onyo linageuka kuwa kosa. Siyo suluhisho ninalolipenda sana, ila linaheshimu walioandika plagini zao kwa kufuata itifaki.

Mazingira ya kutestia nayo ni habari yake. Testi hizi zinataka root, zinagusa maunti za kweli, na testi ikifa katikati inaacha uchafu ambao unaiangusha testi nyingine isiyohusika kabisa. Tulikuwa na EBUSY (kosa la kerneli la kusema kitu kiko bize) zinazotokea mara moja kwenye mara thelathini, huwezi kuiachia diski eti ina mtu, ukiangalia mwenyewe huoni mtu. Huyo mtu alikuwa kwenye neimspesi ya kontena jingine lililowaka wakati maunti ipo, likairithi nakala, na mpaka hilo life ile nakala inabaki. Wengi wakifika hapo wanaweka umount -l, ile ya kivivu inayoitoa maunti machoni na kuacha kerneli imalizie baadaye. Mimi niliikataza kwenye testi zetu zote. Kwenye seva ya mtu iliyokwama usiku sawa, itumie, lakini kwenye testi inaficha kile kile unachokitafuta, maunti iliyovuja inaonekana kama imetoka wakati bado inashikilia diski. Badala yake kila testi sasa inawaka kwenye mashine pepe yake, mwisho wake tunasoma /proc/PID/mountinfo, yaani orodha ya maunti, ya deimoni na ya kila prosesi iliyobaki tunalinganisha na ya mwanzo, mstari mmoja ukizidi testi imeanguka. Zinachukua muda mrefu zaidi, dakika kadhaa juu ya zile za zamani, na sijawahi kujuta.

Kuwaka kwa mashine nako kulitutesa. Nyaraka za Docker zinashauri plagini ziwashwe kabla ya deimoni na zizimwe baada yake, ushauri mzuri, ila kama plagini yako ni kontena linaloendeshwa na deimoni hiyo hiyo huwezi kuufuata. Mashine inawaka, deimoni inataka kurudisha makontena yaliyokuwepo, la kwanza linahitaji volyumu, volyumu inahitaji plagini, plagini ni kontena la tano kwenye foleni. Deimoni inaingoja plagini, plagini inaingoja deimoni. Tulizitenga plagini ziwe hatua ya kwanza, na kontena linalosubiri plagini halizuii mengine. Testi yake ni plagini inayolala sekunde 20 kabla ya kufungua soketi, na tunaiwasha upya mashine pepe nzima, maana kuristati deimoni peke yake hakuleti hali ile.

Nimetaja plagini za ruhusa juu kule, na zina somo ambalo kila mwenye kutesti plagini inabidi alijue. Plagini hiyo inakaa kabla ya API ya deimoni, ule mlango wa kupokelea maombi, kila ombi likija deimoni inaitumia nakala, plagini inasema ndiyo au hapana. Mwaka 2018 iligundulika kwamba ukitengeneza ombi lenye Content-Length ya 0, deimoni inaipelekea plagini ombi bila mwili wake, na plagini inayoamua kwa kusoma mwili inakosa cha kukataa, inapitisha. Rekebisho likatoka kwenye 18.09.1 Januari 2019. Ila halikubebwa kwenye matoleo yaliyofuata, tundu likarudi kimya kimya, na likaja kutangazwa Julai 2024 kwa namba ya udhaifu wa usalama CVE-2024-41110. Miaka mitano na zaidi. Kilichonikaa moyoni ni kwamba rekebisho linaweza kuachwa njiani na watu wazuri wenye nia njema kabisa, matawi ya kodi yakiwa mengi ni rahisi sana, na kinachoweza kupiga kelele ni testi iliyowekwa kwenye tawi kuu pamoja na rekebisho. Tangu niisome hiyo habari, kwetu bagi haifungwi mpaka testi yake iwe imeonekana ikianguka kwenye tawi kuu bila rekebisho, alafu ikipita nalo.

Wengine walichukua njia nyingine kabisa na nimejifunza kwao pia. CNI, itifaki ya plagini za mtandao iliyoanzia kampuni ya CoreOS na ikachukuliwa na Kubernetes, mfumo wa kuendesha makontena kwenye mashine nyingi, haina soketi wala plagini inayokaa macho muda wote. Plagini ni programu tu, inaitwa, inasoma mipangilio kwenye stdin, inaambiwa kazi kupitia CNI_COMMAND, mfano ADD (ongeza) au DEL (ondoa), inatoa JSON, inakufa. Hakuna cha kuristati, hakuna soketi iliyoachwa. Na kwenye DEL wameandika jambo ambalo ningependa lingekuwepo kwenye itifaki ya volyumu tangu mwanzo: plagini imalize bila kosa hata kama vitu vingine havipo tena. Yaani kuachia kitu ambacho hakipo ni mafanikio. Kwa mtandao naiona njia hiyo ni bora. Kwa volyumu haitoshi, sababu kitu kama FUSE kinahitaji prosesi hai nyuma yake muda wote kontena linapoishi, ikifa tu kila anayegusa faili anarudishiwa ENOTCONN, kosa la kusema muunganisho haupo, huku kontena lenyewe likionekana liko sawa. CSI, itifaki ya plagini za storeji inayotumiwa na Kubernetes, ambayo ilifika 1.0 mwishoni mwa 2018, wao wameweka kwenye maandishi kwamba ombi likirudiwa matokeo yawe yale yale, na kuna csi-sanity, seti ya testi ambayo mwandishi wa plagini anaielekeza kwenye soketi yake inamwambia wapi kakosea. Hiyo ya pili ndo tuliiga, testi zetu tulizitoa nje ya deimoni tukazifanya kifaa ambacho mtu yeyote anakiendesha dhidi ya plagini yake kabla hajatuletea.

Kazi ya mwisho, na niliyoipenda kuliko zote, ilikuwa kuiua deimoni yenyewe. Mtukutu alikuwa anaiua plagini, lakini deimoni nayo inakufa, memori inaisha, umeme unakatika, mtu anaapdeti. Tatizo liko kwenye ule upenyo mdogo: plagini imejibu Mount ndiyo, deimoni inakufa kabla ya kuandika popote kwamba inaishikilia. Ikiamka haikumbuki kitu, plagini inakumbuka 1. Tukabadilisha mpangilio. Deimoni kwanza inaandika kwenye diski kwamba nataka kumaunti volyumu fulani kwa ID fulani, inahakikisha imefika diskini kwa fsync, ndo inatuma Mount, jibu likija inaandika nimepata. Kwenye kuachia vivyo hivyo. Ikiamka inapitia rekodi zake, penye nataka bila nimepata inatuma Unmount kwa ID ile ile, na plagini inayofuata utaratibu inalikubali ombi hata kama haimjui mwenye ID hiyo.

Testi yake inaweka alama kila hatua ya njia nzima, inaiua deimoni kwa kill -9 kwenye alama ya kwanza, inaiwasha, inahesabu, inaiua kwenye alama ya pili, inaendelea hivyo mpaka alama ya mwisho, alafu inarudia yote na plagini ikiuawa pamoja nayo. Mara ya kwanza kuiendesha iliangukia alama ya tatu. Ilichukua wiki mbili na nusu kufika mwisho ikiwa kijani.

Limebaki swali moja ambalo timu bado inalibishania, deimoni ikiamka na Unmount ya kusafisha ikakataliwa, ifanye nini. Wenzangu wawili wanataka iandike onyo na iendelee. Mimi nimesimamia kwamba volyumu hiyo ifungwe, kontena lolote linaloitaka likatae kuwaka na liseme kwa nini, mpaka mtu aje aangalie, kwa sababu nimeshaiona databesi ikiwaka tupu na sitaki kuiona tena. Kwa sasa kodi iko hivyo, volyumu inafungwa, na ujumbe unaotokea unataja jina la volyumu, jina la plagini, ID iliyokwama na saa ilipokwama.